Planta ya bila kulima ya mtumba: mistari mingine ngano imeota, mingine kipara. Ninunue diski zote 16?

Mkulima_Rhotia

Wakuu, habari za mihangaiko. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mashine za kupanda bila kulima, maana nyumbani kwangu amani imeanza kupungua.

Niko Karatu, upande wa Rhotia. Nalima ngano na maharage, ekari 62, kati ya hizo 20 ni za kukodi. Miaka yote tumelima kwa jembe la diski, halafu haro mara mbili, ndipo tunapanda. Wanaoijua miteremko ya huku wanajua kinachofuata: mvua kubwa ya kwanza ikiukuta udongo umelainishwa, inaondoka nao. Kwenye shamba la chini nina korongo ambalo marehemu baba alikuwa analiruka akiwa na jembe begani. Mimi leo nalizunguka kwa trekta.

Ndiyo maana mwaka jana mimi na shemeji tukachanga, tukanunua planta ya mtumba iliyotoka nje. Ni ya kuvuta, mistari 16, nafasi sentimita 19, kila mstari una diski moja iliyokaa upande kidogo na pembeni yake gurudumu la mpira la kupimia kina. Jina la kampuni silitaji, sidhani kama kosa ni lao. Mashine imewatumikia watu wengine miaka mingi kabla ya kufika kwangu. Rangi ilikuwa inang'aa utadhani imetoka kiwandani juzi. Tulipoifikisha nyumbani mwanangu wa darasa la nne akaanza kuichokonoa kwa msumari, chini yake ikatokea rangi nyingine, na chini ya hiyo nyingine alama za kuchomelea. Nikamfukuza. Ningemwacha aendelee ningejua mengi mapema.

Masika haya nimepanda ekari 38. Siku ya kumi na mbili nimepita shambani na mke wangu. Mstari wa 9 kipara kabisa, shamba zima, kama uliochorwa kwa rula. Mistari ya 4, 5, 12 na 13 mbegu zimekaa juu juu, tetere wamejipigia. Halafu kuna mapande ambayo mistari yote imeota kwa kurukaruka, hasa pale kombaini ilipomwaga majani mengi msimu uliopita. Ukifukua unakuta mbegu imelala juu ya majani makavu yaliyokunjwa ndani ya mfereji. Mke wangu akasema shamba limenyolewa na kinyozi mlevi.

Fundi wa hapa anasema diski zote 16 zimekwisha, ninunue mpya. Nimeambiwa laki na nusu kila moja, yaani zote milioni mbili na laki nne. Shemeji anataka tuiuze turudi kwenye jembe. Nifanye nini?

Mtu_wa_Jembe

Mkuu, uza. Hizo mashine ni za Wazungu wenye mashamba tambarare. Babu zetu walilima na tulishiba.

Mkulima_Rhotia

Babu yangu hakuwa na korongo, mkuu.

FundiBasotu

Mkulima wa Rhotia, usiuze, na usinunue diski 16. Subiri kwanza.

Mimi ni fundi mzee kidogo. Nilianza kushika spana kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, lile shirika la kilimo la serikali, kule Basotu, Hanang, enzi za msaada wa Wakanada. Mashine za kupandia nimezifungua nyingi, na tangu hizi za bila kulima zianze kuingia kwa mtumba naletewa kila mwaka. Karibu kila anayekuja ameshaambiwa neno hilohilo: diski zimekwisha. Diski inaonekana, ndiyo maana inalaumiwa. Kinachokula pesa kimejificha nyuma yake.

Kwanza usalama, na hili sitanii. Inyanyue planta, kisha weka vile vizuizi vya chuma kwenye jeki za haidroliki kabla hujaingiza hata mkono chini. Kama vizuizi vimepotea (kwenye mtumba huwa vimepotea), weka magogo mazito pande zote mbili chini ya fremu. Mpira wa haidroliki ukipasuka mashine haikupi nafasi ya kusema "toka".

Sasa nenda mkono wa kwanza, yaani kile chuma kinachobeba diski ya mstari. Shika ule mwisho wa nyuma, kwenye gurudumu la kufunikia, uusukume kushoto na kulia. Ukicheza kidogo tu, vizuri. Ukicheza upana wa kidole, bushi (vile vipande vya bomba ambamo pini ya mkono inacheza) za pale mkono unaposhikia zimelika. Jua maana yake: diski yako imewekwa kwa pembe ndogo ili ifungue mfereji. Bushi zikilika, mkono unapinda, pembe inabadilika, na mfereji mmoja unakuwa mpana, mwingine mwembamba, mwingine hauko pale ulipoutaka. Ukifunga diski mpya juu ya bushi mbovu umevaa viatu vipya kwenye mguu uliovunjika.

Pili, gurudumu la kina. Ukingo wake wa mpira unatakiwa uiguse diski, kwa wepesi. Zungusha gurudumu kwa mkono: diski nayo itake kuzunguka, lakini isikwame. Ukiona nafasi unayoweza kupitisha kidole, udongo na majani vinaingia hapo katikati, na mfereji unaporomoka kabla mbegu haijafika. Nafasi hiyo inarekebishwa kwa kuhamisha washa nyembamba kutoka upande mmoja wa mkono kwenda mwingine. Haigharimu shilingi. Inagharimu jumapili nzima.

Tatu, kile kiatu cha chuma kinachoshusha mbegu. Kikae karibu kabisa na diski, ndani ya kivuli chake. Kiatu kikitengana na diski, majani yanapenya na kukisukuma, na kinaanza kulima badala ya kufuata.

Hapo ndipo upime diski. Usiangalie kwa macho, chukua rula ya chuma. Mpya za aina hiyo huwa na kipenyo cha inchi 18, yaani milimita 457. Pima zote 16, andika kwenye karatasi, tuletee hapa. Kumbuka kwamba kila milimita 2 zilizopungua kwenye kipenyo zimepunguza milimita 1 ya kina, kwa sababu gurudumu la kina liko palepale lakini diski imerudi juu. Wewe umeweka wenzo kwenye tundu la sentimita 4, ila diski haijui.

Kuhusu mistari yako ya 4, 5, 12 na 13: simama nyuma ya trekta uangalie matairi yanapita wapi. Halafu niambie.

Mstari wa 9 sitaki kubahatisha. Vua mrija wa mbegu uangalie kilichomo.

Kamau_wa_Timau

Salamu kutoka Timau, Kenya. Huku kwetu chini ya Mlima Kenya mashamba makubwa ya ngano yamekuwa yakipanda bila kulima kwa muda, na mimi ni kontrakta, napandia watu kwa tinga langu. Naongeza machache juu ya yale mzee amesema, amesema vizuri sana.

Hayo majani kukunjwa ndani ya mfereji ni ugonjwa unaojulikana kila mahali. Diski haiyakati, inayakunja na kuyatumbukiza, na mbegu inalala juu yake kama mtoto kwenye godoro. Haigusi udongo, kwa hivyo hainywi maji. Nauliza: mlianza kupanda saa ngapi asubuhi? Majani yenye umande yanapinda, makavu yanakatika. Mimi siteremshi mashine kabla ya saa nne, na nikiona wingu la ukungu nangoja hata saa sita. Mwenye shamba atanuna. Mwache anune.

La pili ni kombaini. Kombaini isipotawanya majani inaacha mstari mnene katikati, na hakuna diski duniani, mpya au kuukuu, itapita hapo vizuri. Ongea na mwenye kombaini kabla hajaingia shambani, si baada. Hata makapi laini yatawanywe, hayo ndiyo huwa mabaya zaidi kwa sababu hayakatiki kabisa.

Tatu, presha ya haidroliki. Kwenye nyingi za mashine hizi dereva hapaswi kurudisha wenzo katikati baada ya kushusha. Akirudisha, jeki ikiwa na sili mbovu inaanza kulegea polepole, na baada ya mita mia mbili diski zinaelea. Jinsi ya kujua ukiwa shambani: endesha mita kama hamsini kwa kasi ya kawaida, simama diski zikiwa ardhini, zima injini, shuka, jaribu kuzungusha magurudumu ya kina kwa mkono. Likizunguka bure, uzito hautoshi. Likizunguka kwa kukaza, uko sawa. Likiwa limezama mpaka halisogei, umezidisha na unaikandamiza mbegu.

Halafu dereva. Asipinde kona diski zikiwa chini, na asirudi nyuma hata hatua moja zikiwa chini. Hizo bushi unazoambiwa zimelika, nusu yake zililiwa na madereva waliopindia kona ardhini. Kurudi nyuma kunajaza udongo kwenye viatu vya mbegu, unaendelea kupanda ukidhani unapanda, kumbe unatembea tu.

Na kwa yule aliyesema hizi ni za mashamba tambarare: huko Brazil walianzia kwenye shida kama ya Karatu. Herbert Bartz wa Rolândia, jimbo la Paraná, alichoka kuona mvua inabeba shamba lake, akaagiza mashine kutoka Marekani na kupanda bila kulima mwaka 1972. Majirani walimwona mwendawazimu. Ardhi yake ilikuwa na mawimbi kama ya huko kwenu.

Mkulima_Rhotia

Shikamoo mzee FundiBasotu. Ndugu Kamau, asante sana. Nimetumia siku mbili chini ya planta, mgongo umeniambia umri wangu.

Niungame kwanza: tulikuwa tunaanza kupanda saa moja asubuhi. Nilikuwa nasifia dereva kwa kuwahi.

Mstari wa 9. Nimevua mrija, nikachungulia, giza. Nikachokonoa kwa waya wa baiskeli. Kikatoka kiota cha panya: manyoya, pumba, vipande vya gunia la sandarusi na, msicheke, kipande cha risiti ya petroli cha mwaka jana mwezi wa tisa, bado kinasomeka. Kwa hiyo panya alijenga wakati mashine imelala ghalani, mimi nikapanda ekari 38 na mstari mmoja umezibwa. Mke wangu ameiweka ile risiti kabatini.

Matairi ya trekta: mzee umejuaje? Yanapita hasa kwenye 4 na 5, na 12 na 13.

Vipimo vya diski kwa milimita. Kumi ziko kati ya 441 na 449. Mbili (ya 1 na ya 16) ni 436. Nne zilizobaki ni 421, 422, 422 na 424, na hizo nne ndizo za mistari ya matairi.

Mikono: yote 16 inacheza. Sita inacheza sana, hiyo mingine nusu kidole.

FundiBasotu

Marahaba mwanangu. Sasa tunaongea lugha moja.

Toa 457 kwa 421, unapata 36. Gawa kwa mbili, 18. Ulipotaka sentimita 4 za kina, mistari ya matairi ilipata 2 na kidogo, tena kwenye udongo uliokanyagwa na trekta muda huohuo. Ndiyo maana tetere walikula bure. Na ndiyo maana hizo nne zimelika kuliko wenzake, kazi yao ni ngumu tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo: nunua diski nne. Nne tu. Kumi zile zina msimu mmoja au miwili, na hizo mbili za pembeni utazibadilisha zikikaribia 430. Ukizifunga mpya weka kwenye mistari ya matairi, na kama mashine yako ina nafasi ya kukaza springi za mikono hiyo minne tundu moja zaidi, kaza. Zikikata chini zaidi ya wenzao, rekebisha kina cha hiyo minne peke yake mpaka mbegu zilingane. Fukua kwa kijiti, pima, usikadirie.

Pesa iliyobaki peleka kwenye bushi, mikono yote 16, si sita tu. Mpelekee mkerezaji pini ya zamani na bushi iliyolika kidogo kuliko zote kama kielelezo. Mwambie bushi iwe ya chuma laini kuliko pini, ili inayolika iwe bushi. Wakerezaji wengine wanajisifu kwa chuma kigumu. Msimu unaofuata unarudi kununua pini, na pini ni ghali. Hakikisha tundu la grisi linafika ndani kweli. Nimeshapokea mashine iliyopigwa grisi miaka miwili kwenye tundu lililozibwa na rangi, na rangi yako wewe nimeshaisikia habari zake.

Grisi: kila asubuhi kabla ya kazi, piga mpaka ile chafu itoke. Ikitoka safi, acha.

Msimu ukiisha, usiiache na mbolea ndani hata usiku mmoja. DAP inavuta unyevu, inageuka jiwe, na inakula chuma. Fagia, osha, kausha, paka diski oili chafu, legeza cheni uziloweke, ziba midomo ya mirija kwa vitambaa. Panya wako atatafuta pengine.

Kamau_wa_Timau

Kabla ya kupanda tena fanya jaribio la chupa, linachukua saa moja tu. Chupa 16 za maji za lita moja na nusu, zikate shingo, funga moja chini ya kila mrija. Nyanyua gurudumu linaloendesha boksi la mbegu, pima mzingo wake kwa kamba.

Mfano: mistari 16 kwa sentimita 19 ni upana wa mita 3.04. Sehemu ya ishirini ya ekari ni karibu mita za mraba 202, kwa hiyo mashine ingetembea mita 66 na nusu hivi. Kama mzingo ni mita 2.2, zungusha gurudumu mara 30. Ukitaka kilo 50 kwa ekari, chupa zote kwa pamoja zitoe kilo 2 na nusu, na kila chupa iwe karibu gramu 156. Tumia mizani ya jikoni. Jumla ikiwa sawa lakini chupa moja ina 90 na nyingine 200, hiyo si sawa, usijidanganye na jumla. Ungefanya hili mwezi wa tatu, panya angekamatwa kwenye chupa ya tisa.

Mtu_wa_Jembe

Haya, naomba niulize kwa heshima. Magugu je? Usipolima si yanameza ngano?

Kamau_wa_Timau

Swali zuri. Yanapigwa dawa kabla ya kupanda, na miaka ya mwanzo gharama hiyo utaisikia. Majani yakizidi kufunika ardhi magugu mengi hupungua, lakini lazima majani yabaki. Ng'ombe wakiingizwa baada ya mavuno wanakula blanketi lote na kukanyaga udongo ukawa kama barabara. Hapo planta nzuri kabisa itaaibika.

Mkulima_Rhotia

Ng'ombe ndio kesi yangu nyingine, nitafungua uzi wake. Huku baada ya mavuno shamba ni la wote, ukimzuia jirani umeanzisha vita. Nafikiria kuwapa majirani ekari 10 za maharage wamalize mabaki, zilizobaki waziache. Tutaona.

Shemeji nimemsomea yote haya. Amekubali tusiuze, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayekuwa anazungusha gurudumu siku ya chupa, kuhakikisha sidanganyi hesabu.

Kesho nashuka Arusha kutafuta diski nne na mkerezaji. Nimepiga picha za diski kwa simu, pande zote.

FundiBasotu

Usiende na picha. Beba diski yenyewe, na kitovu chake kama kinatoka. Matundu ya bolti yanatofautiana milimita mbili tatu kutoka aina moja hadi nyingine, na kwenye simu yote yanafanana. Mwenye duka atakwambia "hii inaingia" kwa sababu anataka kufunga duka.

Na angalia upande ulionolewa. Lazima uelekee kama ile ya zamani.

Mkulima_Rhotia

Nimeifunga kwenye gunia, ile ya 421. Niko stendi, basi la saa kumi na mbili. Kondakta anasema ni mzigo, anataka elfu tatu ya ziada. Nimemwambia ni sahani ya mke wangu.